DARE: tathmini zilijibu swali moja, wilaya ziliuliza jingine

Ni programu chache za umma zilizopimwa mara nyingi kama DARE (Drug Abuse Resistance Education, yaani elimu ya kukataa dawa za kulevya), mpango wa Marekani wa kuwaingiza askari polisi madarasani ili wawafundishe watoto kukataa dawa za kulevya. Na ni chache zaidi zilizopimwa hivyo, zikaonekana hazifikii lengo lake, kisha zikaendelea kwa miaka zikipendwa na wazazi, walimu wakuu, wakuu wa polisi, mameya na wabunge kwa pamoja. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha sayansi iliyopuuzwa na watu wasiotaka kusoma. Naona masimulizi hayo yanawaonea viongozi wa wilaya, na vilevile yanawaacha watathmini watoke bila kuulizwa lolote. Ukifuatilia kilichotokea wilayani, unakuta watu waliosikia matokeo, wakayapima kwa akili zao, wakatoa sababu za kuyaweka kando. Baadhi ya sababu hizo zilikuwa na uzito. Nyingine ziliwagharimu watoto muda ambao ungetumika vizuri zaidi.

Mpango ulivyokaa mikononi mwa watu

DARE ilianza Los Angeles mwaka 1983, kwa ushirikiano wa idara ya polisi chini ya mkuu wake Daryl Gates na wilaya ya shule ya jiji hilo. Askari alipewa mafunzo ya saa 80, kisha akaingia darasa la tano au la sita akiwa na sare, bila bunduki, mara moja kwa wiki kwa masomo 17. Alifundisha madhara ya dawa, namna ya kukataa shinikizo la wenzako, kujithamini, kufanya maamuzi. Mwishoni palikuwa na mahafali: vyeti, fulana, ahadi ya kutotumia dawa, wazazi ukumbini, mara nyingi na meya au mkuu wa polisi jukwaani.

Ili kuelewa yaliyofuata lazima ujue nani alilipa nini. Mshahara wa askari ulitoka kwenye bajeti ya polisi, si ya shule. Kwa mwalimu mkuu, somo la dawa za kulevya lilikuja likiwa na mwalimu wake, vitabu vyake na sherehe yake, karibu bila gharama. Kwa mkuu wa polisi, lilikuwa njia ya askari kujulikana kwa jambo jema. Kisha serikali ya shirikisho ikaongeza msukumo: marekebisho ya mwaka 1989 ya sheria ya shule zisizo na dawa za kulevya yalitaka sehemu ya kumi ya fedha zilizopitia kwa magavana itumike kwa programu za aina ya DARE. Hakuna aliyekuwa akipoteza chochote kwa kuikubali. Katika miaka ya 1990 ilifika kwenye takriban robo tatu ya wilaya za shule nchini.

Na wilaya ya shule Marekani si tawi la wizara. Ni mamlaka ya eneo inayojitegemea, kwa kawaida yenye bodi iliyochaguliwa na wakazi, na ndiyo inayoamua watoto wafundishwe nini. Utafiti ukitaka kubadilisha kinachofanyika darasani, haufiki Washington ukashuka kwa amri. Lazima upite kwa maelfu ya bodi za namna hii, na kila moja ina jirani anayemfahamu askari wa DARE kwa jina.

Watafiti walikuta nini

Mwaka 1994 Susan Ennett na wenzake walichapisha uchambuzi uliounganisha tathmini nane za mtaala wa shule ya msingi. Walitumia kipimo cha ukubwa wa athari ambacho 0 maana yake hakuna tofauti kati ya watoto waliopitia programu na wasiopitia, na 0.2 kwa kawaida huitwa athari ndogo. Kwa matumizi ya dawa, wastani wa DARE ulikuwa 0.06. Programu nyingine zilizowashirikisha watoto kwa mazoezi na mijadala badala ya kuwahutubia zilikuwa na athari kubwa zaidi kwa kila kilicholinganishwa. DARE haikuwa ikilinganishwa na ndoto. Njia bora zaidi ilikuwapo.

Ikafuata kazi ya Dennis Rosenbaum wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago, aliyewafuatilia wanafunzi 1,798 kwa miaka sita na kutoa matokeo mwaka 1998. Hakuona faida ya kudumu, na kwa watoto wa vitongoji vya nje ya miji aliona matumizi ya dawa yakiwa juu kidogo kwa waliopitia DARE. Mwaka 1999 Donald Lynam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky wakafunga hoja kwa utafiti wa mji wa Lexington. Watu 1,002 waliokuwa darasa la sita mwaka wa masomo 1987/88, katika shule 31, walitafutwa tena walipofika umri wa miaka 20. Shule 23 kati ya hizo zilikuwa zimepangiwa DARE na nane zikaendelea na masomo ya kawaida. Miaka kumi baadaye, tofauti katika sigara, pombe, bangi na dawa nyingine haikuonekana.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu yanarudia jambo lilelile. Ripoti ya mwaka 2001 ya Mganga Mkuu wa Marekani, David Satcher, kuhusu vurugu za vijana iliiweka DARE kwenye kundi la mipango isiyofanya kazi. Mwaka 2003 GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge, ilipitia tathmini sita za muda mrefu na kufikia hitimisho hilohilo. Mwaka 2004 Steven West na Keri O'Neal waliunganisha tafiti 11 na kukuta athari inayokaribia sifuri.

Katika hesabu za Lexington kuna jambo moja linalosahaulika sana. Shule nane za ulinganisho hazikuwa tupu. Watoto wake walipata masomo ya dawa za kulevya ndani ya vipindi vya afya, yakifundishwa na walimu wao. Kwa hiyo matokeo yale hayasemi kwamba kumfundisha mtoto kuhusu dawa ni bure. Yanasema kwamba askari mwenye masomo 17 hakuleta ziada juu ya kile ambacho mwalimu wa kawaida alikuwa tayari anakifanya. Kwa bodi ya wilaya, hizi ni habari mbili tofauti kabisa: ya kwanza inakatisha tamaa, ya pili inakuonyesha pa kuokoa muda na fedha. Nyingi ya taarifa zilizofika kwa umma zilibeba ile ya kwanza.

Wilaya zilisikia nini, na zikajibu nini

Aliyekwenda kuuliza ni Carol Weiss wa Harvard, mwanazuoni ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiandika kwamba tathmini huzaliwa na kuishi ndani ya siasa. Pamoja na Sarah Birkeland na Erin Murphy-Graham, alifanya mahojiano katika wilaya 16 za shule kwenye majimbo manne: Colorado, Illinois, Kentucky na Massachusetts. Walizungumza na watu wanaoamua kwa kweli, wa upande wa shule na wa upande wa polisi. Swali lilikuwa rahisi: mnajua tafiti zinasema nini, na mlifanya nini nazo?

Wengi walijua. Hapa ndipo masimulizi ya kawaida yanapovunjika. Pengine hawakuwa wamesoma jarida lenyewe, ila walikuwa wameona magazeti, wamesikia mikutanoni, au wameambiwa na mwenzao wa wilaya jirani. Majibu yao yaliangukia kwenye hoja kuu tatu.

Ya kwanza: hatukutegemea kamwe kwamba masomo 17 kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja yatamzuia asivute bangi akiwa na miaka 17. Walisema lengo lililopimwa halikuwa la kweli tangu mwanzo. Naikubali sehemu ya hoja hii. Mtu yeyote aliyewahi kufundisha anajua somo lolote la darasa la tano linabaki kiasi gani baada ya miaka saba bila kurudiwa, na watathmini waliopima umri wa miaka 20 waliiwekea programu mtihani ambao masomo machache ya shule ya msingi yasingeweza kuupita. Lakini lengo hilo halikubuniwa na watafiti. Limo ndani ya jina la programu, katika ahadi ambayo mtoto alisaini, katika maombi ya fedha yaliyopelekwa serikalini. Mzazi aliyekaa ukumbini siku ya mahafali aliambiwa kwamba mwanawe sasa amekingwa. Kiongozi anayesema baadaye kwamba hakulitarajia lengo hilo alikuwa na wajibu wa kumwambia mzazi huyo mapema.

Ya pili ndiyo iliyonishika zaidi. Walisema thamani ya DARE ni uhusiano: mtoto anamwona askari kama mtu anayemfahamu, anamsalimia mtaani, anaweza kumwendea akiwa na shida nyumbani, na askari naye anaijua shule, familia na nyuso. Baada ya mauaji katika shule ya Columbine, Colorado, Aprili 1999, askari anayelijua jengo na watoto wake alipata maana ambayo hakuna jedwali la matumizi ya sigara lingeweza kuigusa. Walichokuwa wakinunua, kwa maneno yao, kilikuwa ukaribu wa polisi na jamii, na somo la dawa lilikuwa mlango wa kuingilia.

Sasa rudi kwenye uchambuzi wa Ennett wa mwaka 1994, kwenye jedwali ambalo kila mtu aliliangalia kwa ajili ya ile 0.06. Kuna mistari mingine. Maarifa kuhusu dawa: 0.42. Stadi za kijamii: 0.19. Mtazamo wa watoto kwa polisi: 0.13. Mtazamo kuhusu dawa: 0.11. Kujithamini: 0.06. Kumbe kile ambacho wilaya zilisema ndicho hasa zilichokitaka kilikuwa kimepimwa, angalau kwa dodoso na kwa muda mfupi, na jibu lake lilikuwa: athari ipo, ndogo. Mstari huo ulikuwa umechapishwa miaka kadhaa kabla ya mazungumzo mengi ya wilayani. Mjadala wa hadharani ulishikilia swali moja tu, inazuia dawa au haizuii, na jibu likawa hapana. Watathmini na wilaya walisemeshana wakiwa wanaangalia mistari miwili tofauti ya karatasi ileile, na katikati yao hakukuwa na mtu wa kuweka kidole kwenye ule wa mtazamo kwa polisi na kusema: haya, tuongee kuhusu huu.

Fikiria mazungumzo hayo yangekwenda wapi. Mwalimu mkuu anasema anataka watoto wawaamini polisi. Mtathmini anamjibu kwamba kwa wastani wa tathmini nane, DARE inasogeza mtazamo huo kidogo, na kwamba dodoso halipimi kama mtoto atamwendea askari siku baba anapompiga mama, kwa hiyo kama hilo ndilo lengo tutafute namna ya kulipima. Labda ingeonekana kwamba askari akifika shuleni wakati wa mapumziko, akala chakula cha mchana na watoto na kucheza nao mpira, anapata uhusiano uleule bila kuchukua vipindi 17 vya masomo. Labda ingeonekana kinyume chake, kwamba darasa lenyewe ndilo linalompa askari sababu ya kuwapo. Hilo lingekuwa swali la kitaalamu lenye jibu linaloweza kutafutwa. Lilibaki kuwa hisia, na hisia hazina namna ya kushindwa katika kikao cha bodi.

Hoja ya tatu ilikuwa uzoefu wa macho. Askari alikuwa na kisa cha mtoto aliyemfuata baada ya somo na kueleza jambo zito. Mwalimu alikuwa amewaona watoto wakilisubiri somo kwa hamu. Mzazi alikuwa na barua ya shukrani. Mbele ya haya, wastani wa wanafunzi wa Kentucky ulionekana habari za watu wengine. Wilaya zingine zilikuwa zimefanya dodoso zao wenyewe, na dodoso zikaonyesha kile ambacho dodoso za kuridhika huonyesha daima: watoto waliipenda, wazazi waliipenda, walimu waliipenda. Hiyo nayo iliitwa tathmini.

Hapa siwezi kuwaunga mkono. Uzoefu wa macho una kasoro ambayo hata mtu mwangalifu hawezi kuirekebisha kwa bidii: humwona mtoto aliyepitia DARE, na kamwe humwoni mtoto yuleyule akiwa hajaipitia. Matumizi ya bangi kwa wanafunzi wa Marekani yaliongezeka kwa miaka kadhaa katikati ya miaka ya 1990. Afisa wa wilaya aliyeona ongezeko hilo aliweza kusema kwa moyo safi kwamba bila DARE hali ingekuwa mbaya zaidi, na mpinzani wake akasema kwa moyo safi kwamba DARE imeshindwa, na wote wawili wakawa wanabahatisha. Kazi ya shule nane za Lexington ilikuwa hiyo hasa, kumwonyesha mtoto ambaye macho hayawezi kumwona. Kuikataa kwa sababu ya kisa cha mtoto mmoja aliyefarijiwa ni kuwasahau wengine wote waliokaa darasani humo, na kisa cha mtoto huyo, kwa uzito wake wote, kinathibitisha tu kwamba mtoto alihitaji mtu mzima wa kumwambia.

Kulikuwa pia na hoja ya wakati, ambayo DARE yenyewe iliitumia kwa ustadi. Kila matokeo yalipotoka, jibu lilikuwa kwamba mtaala uliopimwa si unaofundishwa leo. Kulikuwa na ukweli ndani yake: mtaala ulirekebishwa mwaka 1994, na vijana wa Lexington walisoma ule wa 1987. Utafiti wa miaka kumi lazima uzungumzie jambo la miaka kumi iliyopita. Lakini ukiikubali kanuni hiyo bila masharti, hakuna programu itakayowahi kushindwa, kwa kuwa inatosha kubadilisha kurasa chache kabla matokeo hayajafika. Jibu la haki kwa wilaya lingekuwa kudai kwamba mwenye mtaala mpya ndiye alete ushahidi kwamba marekebisho yamegusa chanzo cha udhaifu, yaani ufundishaji wa kuhutubia na kukosekana kwa masomo ya marudio katika madarasa ya juu.

Kilichozisogeza wilaya

Baadhi ya wilaya ziliacha, na namna zilivyoacha inafundisha kuliko namna zingine zilivyong'ang'ania.

Salt Lake City ni mfano unaotajwa sana. Meya Rocky Anderson alipoingia ofisini mwaka 2000 aliiondoa DARE, licha ya malalamiko, akitaja tafiti waziwazi. Kilichofanya kesi yake iwe tofauti ni mpangilio wa mamlaka: aliyesoma utafiti ndiye aliyeshika bajeti ya polisi. Mahali pengi hao walikuwa watu wawili au watatu. Mratibu wa programu za kinga ndani ya wilaya aliujua utafiti lakini hakuwa na askari wa kuwaondoa. Mkuu wa polisi alikuwa na askari lakini hakuwa na sababu ya kuwaondoa. Bodi ilikuwa na kura lakini somo halikuwa likiigharimu kitu, na kwa nini bodi ipige kura ya kuwakasirisha wazazi kwa ajili ya kuokoa fedha ambazo si zake?

Weiss na wenzake walikuta kwamba tathmini zilitumika kwa njia zote zinazojulikana: pengine ziliamua moja kwa moja, pengine zilibadilisha taratibu namna watu walivyofikiri kuhusu kinga ya dawa, pengine zilishikwa kama silaha na mtu aliyekuwa tayari ameamua kwa sababu nyingine. Wakaona na njia moja zaidi, wakaipa jina la matumizi ya kushurutishwa. Mwaka 1998 Idara ya Elimu ya Marekani iliweka kanuni kwamba wilaya inayotumia fedha za mpango wa shule salama zisizo na dawa lazima ichague programu zenye ushahidi wa utafiti. Baadaye ikatoka orodha ya programu za mfano na zenye matumaini. DARE haikuwamo. Wilaya nyingi zilizoacha ziliacha kwa sababu hiyo: hazikuwa zimeshawishika kwamba DARE haifai, zilikuwa zimeambiwa fedha hizi haziwezi kuilipia.

Sheria haikuikataza. Wilaya iliweza kuendelea kwa fedha zake au za polisi, na zingine ziliendelea hivyo hivyo. Lakini orodha ilimpa yule mratibu wa kinga kitu ambacho makala ya jarida haikuwahi kumpa, yaani sentensi fupi isiyohitaji kubishania takwimu na mkuu wa polisi anayeheshimika mjini: haimo kwenye orodha. Nadhani hii ndiyo nguvu ya kweli ya kushurutishwa. Ilimwondolea mtu wa kati mzigo wa kuonekana msaliti mbele ya jirani zake.

Na ilileta kasoro yake. Orodha humwambia bodi kwamba kazi ya kufikiri imekwisha fanyika. Timu ya Weiss, kwa uaminifu unaostahili sifa, ilirudi baadaye ikachunguza ushahidi wa programu zilizoorodheshwa kuwa zimethibitika. Katika kazi waliyoitoa mwaka 2007 walionyesha kwamba msingi wake mara nyingi ulikuwa mwembamba: tathmini chache, mara nyingi zilizofanywa na wabunifu wa programu wenyewe, na matokeo mazuri yaliyoonekana kwa kundi fulani au kwa muda mfupi huku mengine yasionekane. Wilaya iliyoitupa DARE na kuchukua jina lingine kwenye orodha inawezekana ilihama kutoka kitu kilichopimwa sana na kukutwa dhaifu kwenda kitu kilichopimwa kidogo.

DARE ilivyojibu

Orodha iliyoiacha nje iliisukuma DARE kubadilika zaidi kuliko lawama zote zilizotangulia. Mwaka 2001 wakfu wa Robert Wood Johnson ulitoa dola milioni 13.7 kwa Chuo Kikuu cha Akron, chini ya Zili Sloboda, ili kutengeneza na kupima mtaala mpya ambao maafisa wa DARE wangeufundisha kwa vijana wa darasa la saba na la tisa. Ulikuwa utafiti mkubwa katika miji sita, na ulijengwa kujibu lawama zote za awali: masomo ya ushirikishaji, watoto wakubwa zaidi, marudio. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Kwa waliokuwa tayari wakivuta bangi, matumizi yalipungua. Kwa waliokuwa hawanywi wala kuvuta mwanzoni, walioanza pombe na sigara walikuwa wengi kidogo kuliko katika shule za ulinganisho. Mtaala huo ukawekwa kando.

Katika kipindi hichohicho, 2009, DARE ikachukua mtaala uitwao keepin' it REAL, uliobuniwa na timu ya Michael Hecht na Flavio Marsiglia na kujaribiwa katika shule 35 za Phoenix, Arizona. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na jina lililomo kwenye rejesta ya taifa ya programu zenye ushahidi. Kwa afisa wa wilaya aliyekuwa akiambiwa kwa miaka kumi kwamba DARE haimo, mjadala ulikuwa umekwisha. Sasa imo.

Mwaka 2017 Theodore Caputi na Thomas McLellan walipitia ushahidi huo upya. Majaribio ya Phoenix yalihusu wanafunzi wa darasa la saba wakifundishwa na walimu wao, katika mtaala uliotungwa kwa ajili ya mchanganyiko wa tamaduni za kusini magharibi mwa Marekani. Toleo la DARE lilikwenda nchi nzima mikononi mwa maafisa wa polisi, na lilikuwa na mtaala wa shule ya msingi ambao haukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba unafanya kazi kwa watoto wa umri huo. Wakati huo mpango wa ruzuku kwa majimbo uliokuwa umebeba ile kanuni ya 1998 ulikuwa umekwisha nyimwa fedha tangu 2010, na mwanzoni mwa 2018 ile rejesta nayo ikasitishwa. Mjumbe wa bodi aliyetaka kujua kama somo la darasa la tano wilayani kwake limejaribiwa popote alikuta jina moja lililobeba mitaala miwili, na hakukuwa na kanuni iliyobaki ya kumlazimisha mtu yeyote amwonyeshe tofauti.